Mama watoto anataka Noah, mimi nataka turbo: tununue gari gani?

Barua ya msomaji wa Bel-Air, Lubumbashi:

"Papa Fundi, jambo. Nina watoto watatu, na bibi yangu anauza unga na mafuta kwenye soko la Mzee. Kabla ya mtoto wa pili nilikuwa na Toyota Altezza ya gia sita. Niliiuza, nikajiambia raha ya volan imekwisha. Sasa tumeweka dola 13,000, na hizo ni mpaka gari lisimame mlangoni na karatasi zake zote. Kila baada ya wiki mbili tunaenda Likasi kumwona mama yangu mzazi. Bibi anasema Toyota Noah. Moyo wangu mimi unavuta kwa Subaru Forester ya turbo. Tukigusa neno hili mezani, bukari inapoa. Tusaidie."

Jambo yako, mdogo wangu, na umsalimie mama watoto.

Nimeisoma barua mara mbili na mara zote mbili nimejikuta upande wa bibi yako. Nisikufiche. Ila nikitazama vizuri, yeye hakuomba Noah. Ameomba mahali pa kuweka magunia, milango isiyosumbua, na gari linalowaka asubuhi bila kusukumwa na majirani. Na wewe hukuomba turbo. Umeomba gari ambalo ukilisemesha linakujibu. Maombi hayo hayagombani. Kinachogombana ni majina mliyoyaleta mezani. Kwa hiyo majina tuyaache pembeni kwanza.

Swali langu la kwanza hukuligusa kabisa: usukani utakuwa upande gani?

Hapa kwetu tumezoea mpaka hatuoni tena. Mutuka inatoka Japani, inashushwa Dar es Salaam, inapita Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, takriban kilomita 2,000 mpaka ifike. Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto, na usukani wa kuume huko uko kwao. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo unahamia upande wa kuume wa barabara, lakini usukani wenyewe hauhami. Kuanzia hapo dereva anakaa karibu na mfereji, na abiria wake ndiye aliye karibu na katikati ya barabara. Mjini si neno, tunaenda polepole na tunaoneana huruma. Ila wewe umeniambia Likasi, tena kila wiki mbili.

Kilomita 120 hizo unazijua: malori ya shaba na kobalti, moja nyuma ya jingine, na vumbi au manyunyu kati yake. Tufanye hesabu. Lori lenye tela lina urefu wa mita 22 hivi na linakwenda kilomita 50 kwa saa. Wewe unalipita kwa 80. Unaanza mita 20 nyuma yake, unarudi upande wako mita 20 mbele yake. Ukiongeza urefu wa gari lako, una mita 65 hivi za kumshinda. Tofauti yenu ni kilomita 30 kwa saa, sawa na mita 8 na kidogo kwa sekunde. Maana yake unakaa upande usio wako sekunde 8, na katika hizo unameza mita 175 za lami. Anayekuja mbele, naye akiwa kwenye 80, anameza 175 zake. Unahitaji kuona mita 350 tupu kabla hujakanyaga, na hapo hujaweka akiba hata ya mita moja.

Ukiwa na usukani wa kushoto, unasogea kidogo, unaona, unaamua. Ukiwa na usukani wa kuume, unatoa karibu nusu ya gari ndipo uone, au unamwuliza bibi: "Kuna mtu?" Yeye anaona lori la mbali anasema "ngoja", wewe unasikia "nenda". Sijui kama kuna raha ya kuendesha katika hali hiyo. Mimi kwa barabara hiyo ningechukua injini ya nguvu za farasi 90 na usukani wa kushoto kuliko farasi 200 na usukani wa kuume, na ningefika nikiwa nacheka.

Ya usukani wa kushoto yapo, mengi yanatoka Ulaya au yanapitia Dubai. Yana bei kali zaidi kwa umri uleule, kwa hiyo kwa dola zako utapata gari lenye miaka miwili au mitatu zaidi, au lililotembea zaidi. Kubali. Angalizo moja: yale yaliyotoka Marekani yakapitia Dubai, mengine yaligongwa au yaliingia maji huko kabla hayajapakwa rangi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Tope huwa limebaki pale ambapo muosha magari hakufika. Inua na zulia la buti. Na kabla hujatuma hata dola moja nje, uliza duane (forodha) wenyewe kuhusu umri wa gari na ushuru. Usimwulize muuzaji, maana kwake kila kitu kinapita.

Kama ukikosa na ukalazimika kuchukua la kuume, basi ujue mambo matatu. Kaa mbali nyuma ya lori, mbali kuliko unavyodhani, maana ukimbana mgongoni huoni kitu. Barabara inapokata kuume, chungulia kwa upande wa kuume wa lori. Hapo peke yake usukani wako unakusaidia. La tatu ni taa. Taa ndogo za gari lililotengenezwa kwa nchi ya kushoto hupiga juu kidogo upande wa kushoto, ili zimulike kando ya njia. Kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unampofusha, naye anakujibu kwa taa kubwa, mnapishana wote vipofu. Kuzishusha kwa bisibisi kunapunguza ubaya na kunapunguza mwanga wako pia. Dawa ya kweli ni kufunga taa za toleo la nchi za kuume, na hizo hupatikana kwa magari yaliyouzwa Ulaya pia, kama Forester. Toyota Fielder ilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani, kwa hiyo utahangaika.

Na kwa kuwa tuko hapo, umwambie mama watoto kitu kuhusu Noah za miaka ya 1990, zile ambazo bado zinauzwa kwa bei ya kutamanisha: mlango wa kuteleza uko upande wa kushoto peke yake. Kule Japani watoto wanashukia kwenye kijia. Kwetu wanashukia katikati ya magari.

Sasa tuongee nguvu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Fielder ya 1.5 ambayo karatasi inasema ina farasi 110, hapa haifiki 100. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo inapoteza kidogo sana. Hapo moyo wako haukukudanganya.

Lakini turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwenye Forester za turbo za kizazi cha 2008 hivi, bomba linalopeleka oili kwenye turbo lina kichujio kidogo cha wavu, kidogo kuliko ncha ya kidole. Mwenye gari akichelewesha oili, kile kichujio kinaziba na turbo inakaukiwa. Gari halisemi chochote mpaka siku linaposema. Unajua wewe mwenye gari wa kwanza kule Japani, na wa pili kule sijui wapi, walibadilisha oili kila baada ya kilomita ngapi? Turbo ya gari jipya ningekuruhusu. Ya gari la umri huu, kwa familia inayotegemea gari moja, hapana.

Tena, nikuulize kaka kwa kaka. Altezza yako ya gia sita, kama ni ile ya RS200, ilikuwa na farasi 210. Ulizitumia zote lini, kati ya Bel-Air na posta? Ninavyokuwazia, unachokikumbuka si farasi. Unakumbuka kukaa chini, mkono wa gia mfupi, usukani uliokuambia pine (tairi) ya mbele inakanyaga nini, na magurudumu ya nyuma yakikusukuma ukitoka kwenye kona. Mambo hayo yote uliyasikia kwenye kilomita 40 kwa saa, na barabara zetu mara nyingi haziruhusu zaidi. Gari lenye nguvu nyingi linakufanya uishi kwa kujizuia. Gari la nguvu ya kiasi unaweza kulitumia lote, kulivuta mpaka juu kwenye gia ya pili, na polisi wa rompwe (mzunguko wa barabara) asigeuze hata kichwa.

Raha hiyo ninaiona kila siku garajini ikiuawa na vitu vitatu vya bei nafuu: mapine, amotisere (zile za kumeza mishtuko ya barabara), na raba za mikono ya chini. Gari linaingia kwangu likiyumba kama mtu aliyetoka kilioni, mwenyewe anasema "Papa, injini imechoka". Injini haijachoka. Amotisere zilikufa mwaka juzi, na mapine mawili ni ya okazioni (yaliyokwisha kutumika), kila moja na kabila lake.

Kuhusu mapine nitakaa kidogo, univumilie. Usinunue gari lenye rimu za inchi 18. Mimi mwenyewe, mzee mzima, niliwahi kufunga 18 kwenye gari langu kwa sababu ya sura. Msimu mmoja wa mvua nilipasua mbili. Shimo likijaa maji halina kina unachokijua, na pine yenye ubavu mfupi haina nyama ya kupokea pigo. Linafika moja kwa moja kwenye chuma. Chukua 16, hata 15 kama breki zinaruhusu. Ubavu mnene unameza dodane (tuta la barabarani), na watoto wanalala. Kisha soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pine ya miaka minane yenye meno marefu inang'aa kama mpya, lakini raba yake imekuwa mbao. Mvua ya kwanza ya Novemba juu ya lami yenye vumbi la miezi sita ndiyo itakayokuonyesha. Upepo pima asubuhi kabla hujatembea, na siku ya Likasi mkiwa watano na magunia, ongeza wa nyuma kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema.

Haya, turudi kwenye majina.

Noah ya kizazi cha 2007 ni gari la heshima: ina milango ya kuteleza pande zote mbili na viti vya watu hadi wanane. Lakini inazidi kilo 1,500 ikiwa tupu, imesimama juu kama kabati, na kwenye kona za kupanda unapokaribia Likasi kila mtu ndani yake anajua kuna kona. Mngekuwa na watoto watano ningesema chukua, tumalize. Mna watatu.

Toyota Mark X usiniulize. Najua kuna kijana wa mtaa wenu anayo, inavuma vizuri, inasukuma kwa nyuma kama Altezza yako. Tumbo lake litasalimia kila dodane kutoka Bel-Air hadi sokoni.

Mazda CX-5, iliyotoka mwaka 2012, ni gari ambalo watu wetu hawalitazami vya kutosha. Otomatiki yake ni ya gia sita za kweli, si ile ya mkanda inayolia kama kinu huku gari halisogei. Usukani wake ni mwepesi na mkweli, tumbo liko sentimita 21 kutoka chini, na buti inakubali magunia. Utazipata za usukani wa kushoto. Chukua ya esanse (petroli), lita 2.0. Ile ya mazutu (dizeli), 2.2, inavuta kama ng'ombe dume na ningeipenda sana, ila ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho kinahitaji mazutu safi na safari ndefu za kukichoma. Wewe siku 12 kati ya 14 unazunguka mjini. Kitaziba. Udhaifu wa CX-5 kwetu ni vipuri: Toyota utapata hadi usiku, Mazda mara nyingine utasubiri mtu wa kutoka Zambia.

Forester uliitaja mwenyewe, na ukiiondoa turbo nakubaliana nawe. Injini yake imelala, pistoni zinapigana ngumi kushoto na kuume, kwa hiyo uzito uko chini na gari refu hivyo halilali kwenye kona. Tumbo liko sentimita 22. Magurudumu yote manne yanasukuma wakati wote. Udongo wa mitaani ukilowa, wewe unapita huku wenzako wanatafuta vijana wa kusukuma. Unakaa juu, vioo ni vikubwa, na pembe zote nne za gari unaziona. Kwa dereva hiyo ni raha isiyoandikwa kwenye karatasi.

Ila soma namba ya chasi. Kwa zile za Japani, SH5 ni ya 2.0 yenye injini ya zamani ya mkanda. SHJ ni umbo lilelile lenye injini mpya ya mnyororo, iliyoanza mwishoni mwa 2010. SJ5 ni kizazi kilichofuata. Mimi ningetafuta SHJ au SJ5. Injini hizo mpya, za miaka ya mwanzo, baadhi yake zinakunywa oili, kwa hiyo kijiti cha oili kitakuwa rafiki yako wa kila Jumapili. Zote mbili zilitoka pia na gia za mkono, tano kwenye SHJ na sita kwenye SJ5. Ni chache, na ukiipata moja nyoofu, umerudishiwa nusu ya Altezza yako. Ya usukani wa kushoto haitakuwa na namba hizo fupi, itakuwa na tarakimu 17; hapo uliza mwaka na aina ya injini, ufungue uone. Na kama mama watoto naye ataendesha, mwulize kuhusu klachi kabla hujalipa. Siyo baada.

Kuna sheria moja ya Forester ambayo hapa kwetu inavunjwa kila siku: mapine manne lazima yawe ya saizi moja, na yaliyochakaa sawasawa. Desturi yetu ya kununua moja leo, jingine mwezi ujao, inaua mtambo wa kati unaogawa nguvu mbele na nyuma, kwa sababu pine mpya na kuukuu hazizunguki idadi sawa. Mtambo unadhani gari linateleza kutwa nzima. Ukiona huwezi kununua manne kwa mpigo, usinunue Forester. Nasema kweli.

Basi ikibana, kuna Fielder. Unacheka, lakini sikiliza. Kilo 1,200 hivi tu, gia za mkono zipo, buti ni ndefu na ya chini, gunia unalitelezesha bila kulinyanyua kifuani. Vipuri viko kila kona. Tumbo lake ni sentimita 15 na kidogo, hilo ndilo tatizo, na kwa Likasi mkiwa mmepakia litakuwa chini zaidi. Mtie amotisere mpya nne, raba za chini mpya, mapine mazuri ya 15, alainmenti ya kweli, na utashangaa gari la wachuuzi linavyocheza. Lakini ni la usukani wa kuume, kwa hiyo rudi juu usome tena hesabu ya lori.

Mpangilio wangu kwa ajili yako ni huu: Forester isiyo na turbo au CX-5 ya esanse yenye usukani wa kushoto, yoyote itakayopatikana ikiwa nzima, ikishindikana, Forester ya gia za mkono ya usukani wa kuume, halafu Fielder. Na usimalize dola 13,000. Nunua gari la 11,500. Zile 1,500 ni za mwezi wa kwanza: oili zote pamoja na ya gia, vichujio, maana hicho cha hewa kitakuwa kimebeba vumbi la nchi tatu, mapine, amotisere, betri. Anayenunua kwa senti ya mwisho analiendesha gari mwaka mzima likiwa na ugonjwa aliokuja nao.

Siku ya kulijaribu nenda na mama watoto, watoto wote watatu, na magunia mawili ya unga wa kilo 25. Pakia kweli. Pita dodane mbili tatu kwa mwendo wa kawaida, usikilize nyuma. Uvuke reli polepole. Kisha tafuta kiwanja, kata usukani wote, zunguka taratibu kama unachora sahani. Forester ikianza kurukaruka na kukaza kama inakanyaga breki, mtambo wa kati umekwisha, shuka, ushukuru, uende zako. Halafu mpe bibi yako usukani, wewe ukae nyuma kati ya watoto. Kurudi aendeshe yeye.

Mkishakubaliana wote wawili, niite nije niangalie palepale kwa muuzaji, asubuhi na mapema. Mwambie asiliwashe kabla sijafika, nataka kulisikia likiamka. Nikigusa boneti nikaikuta ina joto, nitakunywa chai yake na kurudi nyumbani.